Nilienda kupimwa miwani, nikatoka na ugonjwa wa ukoo: uzi wa uvimbe wa mishipa ya damu jichoni

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nimefungua uzi kwa sababu wiki iliyopita kuna mdau aliuliza humu kuhusu "uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya jicho", na majibu aliyopewa yameninyima usingizi. Mmoja kamwambia ni saratani, aanze kuaga. Mwingine kamwambia ni alama tu kama alama nyingine, apuuze. Kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu chake, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe ana kipi.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa tu, lakini wa mwaka wa 14, kwa hiyo vichochoro vya ugonjwa huu navijua.

Nilikuwa na miaka 19. Nikisoma, mistari ya katikati ya ukurasa ilikuwa inapinda kama kamba iliyolegea. Jicho la kulia tu. Nikiliziba, mistari inanyooka. Nikaenda mahali pa kupima macho (sitapataja), nikasoma herufi za ukutani, nikapewa miwani. Baada ya miezi minane nikarudi, nikapewa miwani nyingine nene zaidi. Mara zote mbili hakuna aliyenitia matone ya kupanua mboni akachungulia nyuma. Hilo bado linanikera.

Mara ya tatu nikaenda kwingine. Daktari, mama wa makamo, akanitia matone, nikakaa nusu saa mpaka maandishi ya simu yangu yakawa ukungu. Akavaa taa ya kichwani, akashika lenzi kwa vidole viwili, akaniambia tazama juu, tazama chini, tazama kulia. Nilipotazama kulia chini, akanyamaza. Akanyamaza sana. Halafu akaniuliza swali ambalo sikutegemea kuulizwa na mtu wa macho: "Kwenu kuna aliyefariki mapema kwa uvimbe wa kichwani, au kwa figo?"

Baba yangu mdogo alifariki kwa figo akiwa na miaka 38. Baba mwenyewe alipasuliwa kisogoni kabla sijaanza shule. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba "baba alikuwa na maji kichwani".

Akanionyesha picha. Pembeni kabisa mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kulikuwa na kijipira chekundu, na mishipa miwili minene iliyojipindapinda ikitoka katikati ya jicho hadi kwake, mmoja wa kupeleka damu na mwingine wa kuirudisha. Mishipa mingine yote ilikuwa kama uzi wa kushonea, hiyo miwili kama kamba za viatu. Pale katikati ninaposomea palikuwa na madoa ya manjano, mafuta yaliyovuja na kutuama. Yaani kijipira kiko mbali huko pembeni, hakinigusi, lakini uvujaji wake umekuja kuweka kambi kwenye sehemu moja niliyokuwa naihitaji kuliko zote.

Kile kijipira kinaitwa hemanjioblastoma ya retina. Ugonjwa unaitwa von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL.

Hoja yangu ni moja: "uvimbe wa mishipa ya damu jichoni" ni jina la ukoo, si la mtu. Ukiambiwa unao, usiishie kuuliza kama ni saratani. Uliza umekaa tabaka gani la jicho, na uko peke yake au una ndugu zake mwilini. Nitaendelea nikipata muda, maswali yanaruhusiwa.

Kisiki

Nimevuta kiti. Endelea mkuu.

Mama Tunu

Naomba nisaidiwe hapa hapa. Mwanangu ana miezi mitatu. Amezaliwa na baka jekundu lililoiva, linaanzia paji la uso upande wa kushoto linashuka mpaka kope la juu. Halijavimba, ni bapa kama mtu kapakwa rangi. Tuliambiwa litafutika lenyewe. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba jicho la upande huo linatoa machozi muda wote, na tukitoka juani analifumba na kuficha uso kifuani kwangu. Lenyewe ni zuri, kubwa kuliko la kulia, kila anayemwona anamsifia macho.

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Pole dada. Hiyo inaelekea kuwa Sturge-Weber, ule ugonjwa wa baka la usoni linalofuatana na shida za jicho na ubongo, nayo ni familia moja na yangu. Nakushauri wewe na baba yake mpimwe jeni, na watoto wengine kama wapo.

Zamu ya Usiku

Mleta uzi, hapo umeteleza, na nitakurekebisha. Ila kwanza niongee na Mama Tunu.

Dada, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho kesho asubuhi, na ukifika usiseme "ana alama". Sema maneno haya: "Ana baka la kuzaliwa kwenye kope la juu, jicho linakua, linatoa machozi, linaogopa mwanga." Anayejua kazi yake hatakuweka foleni.

Nakueleza sababu. Jicho linatengeneza maji ndani yake na kuyatoa kupitia mfereji mdogo sana unaomwaga kwenye vena za juu ya jicho. Kwa mtoto mwenye baka la aina hiyo, mfereji wenyewe unaweza kuwa haukuumbika vizuri, au zile vena zimejaa damu kupita kiasi na hazipokei. Maji yanarundikana, presha ya jicho inapanda. Hiyo ni glakoma. Jicho la mtu mzima likipandwa na presha linabaki na ukubwa wake. La mtoto mchanga bado laini, linatanuka. Kwa hiyo hilo jicho kubwa linalosifiwa huenda ndiyo dalili yenyewe. Kioo cha mbele cha jicho la mchanga huwa kama milimita 10 kwa upana; kikivuka 12 kabla ya mwaka mmoja, sisi hatusifii, tunapima.

Sijamwona mtoto, siwezi kusema anayo. Nasema apimwe haraka. Kati ya wenye Sturge-Weber, wanaopata glakoma ni asilimia 30 hadi 70 kutegemea nani kahesabu, na baka likigusa kope uwezekano unapanda. Wengine inawapata uchangani, wengine miaka mingi baadaye, kwa hiyo hata presha ikikutwa sawa, kupima hakuishi.

La pili: ukimwona anakakamaa, au mkono na mguu wa kulia vinarukaruka, au macho yanavutwa upande mmoja, mkimbize hospitali. Mishipa ya aina hiyo inaweza pia kutanda kwenye utando wa ubongo upande ule ule wa baka, na wengi wa wanaopata kifafa huanza kabla ya kutimiza mwaka.

Sasa mleta uzi. Sturge-Weber hairithiwi. Mwaka 2013 iligundulika kwamba chanzo ni badiliko la herufi moja kwenye jeni ya GNAQ, linalotokea baada ya mimba kutungwa, kwenye seli moja ya kijusi. Seli hiyo ikigawanyika, watoto wake tu ndio wanaolibeba: kipande cha ngozi, kipande cha jicho, kipande cha ubongo. Mama hana, baba hana, ndugu hana. VHL ni kinyume chake kabisa. Tofauti hii si ya kitabuni. Mmoja unapima ukoo mzima, mwingine unampima mtoto mmoja kwa makini.

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Nimekubali daktari, nimefunzwa. Mama Tunu, samahani, futa nililosema.

Mzee wa Hoja

Mimi nauliza tu. Bibi zetu walisema mama mjamzito akishtuka akashika uso, mtoto anazaliwa na alama pale pale alipojishika. Leo mnatuletea herufi za jeni. Na haya majina ya wazungu, kwani wao ndio walioumwa?

Zamu ya Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Bibi alikuwa anatafuta sababu, na sababu haikuwepo machoni pa mtu yeyote mpaka juzi. Ubaya wa ile hadithi ni kwamba inamtwisha mama mzigo usio wake. Hakuna alichokula, alichoshika wala alichoogopa kilicholeta baka.

Majina ni ya walioandika. Sturge alieleza mwaka 1879 habari za binti wa miaka sita na nusu mwenye baka usoni na kifafa, akasema kile kilichopo usoni lazima kipo na ndani ya ubongo. Alikuwa anakisia, hakuna picha ya kichwa wakati huo. Weber alikuja na picha za eksirei mwaka 1922. Huyo von Hippel wa mleta uzi alikuwa daktari wa macho Mjerumani, aliandika kuhusu retina mwaka 1904. Lindau, Mswidi mtaalamu wa kuchunguza maiti na vipande vya nyama ya mwili, ndiye aliyeunganisha jicho na ubongo mwaka 1926. Zaidi ya miaka 20 watu walikuwa wanatibu jicho bila kujua lina mwenzake kisogoni.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Nimeelewa. Nabaki kusoma.

Baba Zuhura

Na mimi nichangie, maana baka la Mama Tunu na la binti yangu watu huwa wanayachanganya. La Zuhura halikuwepo siku ya kuzaliwa. Lilianza wiki ya tatu kama ameumwa na mdudu kwenye kope la juu, kufikia mwezi wa pili lilikuwa limevimba, jekundu, lina vijinundu, na limebonyeza kope likafunika nusu ya mboni. Kila mtu alituambia litasinyaa lenyewe. Ni kweli husinyaa, ila kwa miaka! Daktari alitueleza kwamba ubongo wa mtoto haungoji miaka. Jicho lililofunikwa halipeleki picha, ubongo unaliacha, na likija kufunguka baadaye linakuwa jicho vivu: zima kwa kulitazama, halioni.

Akapewa propranolol ya maji, ile ile dawa ya moyo. Siku ya kwanza tulilazwa, wakawa wanampima mapigo na sukari. Tukaonywa asipewe kabla ya kunyonya, na akiwa anatapika au hanyonyi tusimpe kabisa. Wiki ya pili wekundu ukaanza kugeuka kijivu. Alitumia mpaka alipovuka mwaka. Sasa ana miaka minne, ana miwani kwa sababu uvimbe ulikuwa umeshalibonyeza jicho likapoteza mviringo wake, na anazibwa jicho lisilo na tatizo kwa muda wa saa mbili kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Vita yetu kubwa nyumbani ni kile kiraka. Ameshawahi kukibandika kwenye ukuta, kwenye mgongo wa paka, na kwenye paji langu nikiwa nimelala.

Zamu ya Usiku

Paka kaponea. 😄

Baba Zuhura kaeleza vizuri kuliko mimi. Hiyo ndiyo hemanjioma halisi ya watoto: haipo au ni kidoa tu wakati wa kuzaliwa, inakua kwa kasi miezi ya mwanzo, halafu inarudi nyuma. Baka la mvinyo, lile bapa kama la mtoto wa Mama Tunu, lipo tangu siku ya kwanza, ni bapa, linakua kwa kadiri mtoto anavyokua, na halifutiki lenyewe. Anayekwambia litafutika kachanganya hizo mbili. Tena hiyo propranolol iligunduliwa kwa bahati, mwaka 2008 huko Bordeaux, Ufaransa: mtoto alipewa kwa ajili ya moyo, uvimbe wa usoni ukaanza kufifia.

Nawaonya wazazi: msiinunue mkampa mtoto wenyewe. Inashusha sukari, inapunguza mapigo, na inabana kifua cha mwenye pumu. Na uvimbe ukiwa mkubwa umetanda usoni, kuna sindromu iitwayo PHACE inayokuja na hitilafu za mishipa ya ubongo na moyo. Hiyo hutafutwa kwanza, dawa baadaye.

Fundi Saa

Wakuu, ndiye mimi niliyeuliza wiki ile nikaambiwa nianze kuaga. 😅

Nina miaka 46, natengeneza saa. Lenzi ya kazi naivaa jicho la kushoto miaka yote. Mwaka huu skrubu zikaanza kunikimbia: naiona, naishika, kumbe iko pembeni kidogo. Nikahamishia lenzi jicho la kulia, mambo sawa. Daktari wa kwanza kaona kilima nyuma ya jicho, kasema anahofia melanoma, saratani ya seli za rangi, kanipa rufaa. Usiku ule nilimpa mke wangu namba zote za siri. Wa pili kapima kwa ultrasaundi na ile picha ya kuchomwa rangi mkononi, kasema ni hemanjioma ya koroidi, si saratani, haisambai. Sasa nishike lipi? Na ndugu zangu wapimwe?

Zamu ya Usiku

Shika la pili, kwa sababu wa pili alipima. Wa kwanza hakukosea kuhofia. Kukupa rufaa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Koroidi ni tabaka la mishipa lililo chini ya retina, linailisha retina kwa nyuma. Uvimbe wako ni rundo la mishipa hiyo, una rangi ya chungwa inayokaribiana na ya jirani zake, ndiyo maana unaweza kumpita mtu asiyetazama vizuri. Kwenye ultrasaundi unang'aa ndani, kwa sababu kila ukuta wa mshipa unarudisha mwangwi. Melanoma huwa na giza zaidi. Kwenye picha ya rangi unajaa haraka ndani ya dakika ya kwanza, na mwishoni unaitema mpaka unabaki mweusi kuliko pembeni yake. Hizo mbili zikikubaliana, mara nyingi hakuna haja ya kukata kipande cha uvimbe kwenda kukipima.

Kwa nini skrubu zinakukimbia: kilima kimeisukuma retina mbele, na maji yamevuja chini yake. Jicho limekuwa kama limefupishwa, hivyo vya karibu vinakutupa.

Kama hakuna maji na unaona vizuri, tunauacha, tunapiga picha kila baada ya miezi kadhaa. Wewe una maji, kwa hiyo ulizia matibabu ya mwanga: unachomwa dawa iitwayo verteporfini mshipani, halafu leza baridi inaelekezwa kwenye uvimbe, kwa kipimo cha kawaida sekunde 83. Leza yenyewe haiunguzi. Inaiamsha dawa, nayo inaziba mishipa kwa ndani. Baada ya hapo unakaa mbali na jua siku kadhaa, mikono mirefu na kofia, la sivyo ngozi inababuka.

Ndugu zako hawahusiki. Uvimbe wa aina yako, wa mahali pamoja kwa mtu mzima, unakuja peke yake. Ule ulioenea koroidi nzima ndio unaofuatana na Sturge-Weber. Mwenye huo, ukimulika macho yote mawili gizani, upande mmoja unajibu kwa wekundu mzito kuliko mwingine. Mama Tunu, umesikia? Waambie waangalie na hilo.

Fundi Saa

Ngoja nikabadilishe namba za siri. Mke ameshazoea.

Mwali wa Sayansi

Naomba mleta uzi amalizie VHL. Kwa nini mishipa inaota ovyo tu? Na kweli inagusa figo?

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Nimerudi. Hapa ndipo kwangu, daktari anisahihishe nikiteleza tena.

Kila seli ina mjumbe anaitwa HIF. Kazi yake ni kupiga kelele pale hewa inapopungua: leteni mishipa, leteni damu. Hewa ikiwepo, protini ya VHL inamkamata huyo mjumbe, inampiga muhuri, anapelekwa kusagwa. Mimi nilizaliwa na nakala moja nzima ya jeni hiyo na moja mbovu. Nakala nzima ikiharibika kwenye seli fulani, pale hakuna tena wa kumkamata mjumbe. Anapiga kelele za kukosa hewa huku hewa ipo tele, na mishipa inaitikia. Ndiyo kile kijipira. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 3, na walioufumbua huo mfumo wa seli kunusa hewa, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2019. Kaelin aliingilia kwenye mlango wa VHL, kwa hiyo kwa mbali nahesabu sehemu ya ile medali ni yetu wagonjwa.

Na ndiyo, inagusa figo. Uvimbe wa ubongo mdogo kisogoni, uti wa mgongo, retina, huo si saratani ila unabana na kuvuja. Wa figo ndio saratani yenyewe, ndiyo iliyomchukua baba mdogo. Kuna vifuko vya maji kwenye kongosho, kuna uvimbe mdogo ndani ya sikio unaoleta uziwi, na kuna wa tezi zinazokaa juu ya figo, unaomwaga homoni za presha. Huo wa mwisho naomba mwenye VHL yeyote anayesoma hapa aukariri: kabla ya kulazwa kwa operesheni yoyote, hata ndogo, waambie wapime homoni hizo kwanza. Ukipewa dawa ya usingizi huku unao na haujulikani, presha inaweza kupaa mpaka ikakuua mezani.

Jicho mara nyingi ndilo linalotangulia kusema. Katika kila wenye VHL 10, kama 6 wanapata uvimbe wa retina, wastani ukiwa miaka 25 hivi, na wapo watoto. Ndiyo maana mtoto wa mwenye VHL huanza kuchunguliwa macho angali mchanga, kila mwaka. Vipimo vya presha ya damu na vya homoni zile vinafuata utotoni, MRI ya ubongo na mgongo inaanza karibu na balehe, ya tumbo ujanani.

Jicho langu la kulia lilipigwa leza mara tatu. Kijipira kimekuwa kovu jeupe, lakini yale mafuta yalikaa muda mrefu, na mpaka leo nikitazama fremu ya mlango kwa jicho hilo ina kiuno. La kushoto ni hadithi nyingine. Mwaka wa sita, kwenye kuchunguliwa kwa kawaida, kikaonekana kidoa chekundu kama ncha ya pini. Sikuwa nahisi chochote. Leza ya siku moja, nikarudi nyumbani na miwani myeusi, na jicho hilo linasoma mstari wa mwisho wa ubao mpaka leo. Ugonjwa ule ule, mtu yule yule, kilichotofautiana ni ukubwa wa kijipira siku kilipoonekana.

Zamu ya Usiku

Sina cha kusahihisha. Naongeza tu kwamba vikubwa vya pembeni hugandishwa kwa baridi kali, na kikikaa juu ya kichwa cha neva ya jicho mikono yetu hufungwa, kwa sababu leza inaunguza na neva. Sindano za kuzuia mishipa zinazotumika kwa magonjwa mengine ya retina, hapa peke yake hazitoshi.

Mwali wa Sayansi

Na hakuna dawa ya kumziba mdomo huyo mjumbe?

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Ipo. Belzutifani, vidonge, inamzuia HIF. Marekani waliiidhinisha Agosti 2021 kwa wenye VHL, kwa uvimbe wa figo, wa ubongo na uti wa mgongo, na aina fulani ya uvimbe wa kongosho, pale ambapo upasuaji si wa haraka. Kwenye majaribio hata uvimbe wa retina ulipungua. Inashusha damu na hewa mwilini, na ni hatari kwa mimba. Tena inadhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, kwa hiyo mwanamke lazima aambiwe kabla. Mimi situmii, hali yangu haijafika huko.

Kisiki

Samahani kama naingilia ya ndani. Una watoto?

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Ninaye mmoja. Kila mtoto wa mwenye VHL ana nusu kwa nusu ya kuirithi, kila mimba sarafu inarushwa upya. Wangu alipimwa jeni akiwa na mwaka, hana. Nililia kwenye korido kama mjinga.

Dada yangu mkubwa hataki kupimwa. Anasema akijua hatalala. Nimegombana naye, nimemwomba, nimenyamaza. Mwaka jana nikabadilisha lugha: nikamwambia sitaki upimwe jeni, nataka tu utiwe matone uchunguliwe nyuma ya jicho, kama mtu yeyote anayevaa miwani. Kakubali. Jicho liko safi. Lakini jicho safi halimaanishi huna, tumekubaliana hivyo, atarudi tena mwaka huu. Kwa sasa nimeridhika na hicho.

Halafu kuna wanaosema "kwetu hakuna historia, kwa hiyo haiwezi kuwa". Mtu 1 kati ya 5 wenye VHL ndiye wa kwanza kwenye ukoo wake.

Nyuzi Mbili

Mimi sijaona aina yangu ikitajwa. Nimeambiwa ateri na vena za retina yangu zimeungana moja kwa moja bila kapilari, ile mishipa myembamba kabisa, katikati, zimejisokota kama nyoka. Wyburn-Mason.

Zamu ya Usiku

Hiyo ni adimu, na hairithiwi. Jichoni mara nyingi tunaiacha bila kuigusa. Ila piga MRI ya ubongo kama hujapiga, kwa sababu muungano wa namna hiyo unaweza kuwa na mwenzake katikati ya ubongo. Na usiruhusu mtu akung'oe jino bila kumwambia. Ikiwa ipo na kwenye taya, damu yake haizuiliki kirahisi.

Kwa kuwa tuko hapo, kuna na ile inayofanana na kichala cha zabibu kwenye retina, vifuko vidogo vya damu nyeusi. Mara nyingi ina utulivu, haivuji. Lakini ikionekana, tunauliza kuhusu kifafa na damu kuvuja kichwani ndani ya ukoo, kwa sababu kuna koo zenye vichala hivyo hivyo ubongoni, na hizo zinarithisha.

Nyuzi Mbili

Jino nilikuwa naenda kung'oa wiki ijayo. Naahirisha.

Mama Tunu

Wakuu, naleta mrejesho. Samahani nimekaa kimya, tulikuwa wodini.

Nilienda asubuhi ile ile, nikasema maneno ya daktari neno kwa neno. Nilikuwa nimeyaandika mkononi. Mtoto akalazwa usingizi wa dawa, wakapima. Presha jicho la kushoto 31, la kulia 12. Kioo cha mbele kushoto milimita 13, kulia 10 na nusu. Na nyuma wamekuta ule wekundu ulioenea, koroidi nzima ya kushoto. Wamemfungulia njia ya maji. Waliniambia wanaishusha presha taratibu, wakiiporomosha ghafla ile mishipa ya nyuma inaweza kuvimba au kupasuka. Jana ilikuwa 16. Leo kwa mara ya kwanza kafungua macho yote mawili dirishani, kanikodolea kama ananijua leo.

MRI ya kichwa ni wiki ijayo. Kifafa bado, namwangalia usiku kucha mpaka nimechoka.

Bibi yake kaniuliza kwa nini tumelikata jicho zuri vile. Nimemwachia baba yake amjibu.

Zamu ya Usiku

Umefanya kazi kubwa, dada. Usiku mpeane zamu na baba yake, usikeshe peke yako. Na kila mkienda kupima, waombe wapime na la kulia.